Nchi Iliyosogeza Mshumaa

Njia ya kwenda Lumbeo sitaieleza. Haina jambo la kusimulia, na walionionyesha waliniomba nisiwaelekeze wengine mpaka mambo yatulie kule. Ninachoweza kueleza ni siku nilizokaa, nyumba niliyolala na sheria nilizosomewa mpakani. Nimejitahidi kuandika nilichokiona bila kutia chumvi. Pale nilipoona haya kuuliza, nimeacha wazi.

Lumbeo ni nchi ndogo ya vilima, na kila kilima kimetobolewa. Ndani ya mawe yake kuna kitu wanachokiita usufi wa jiwe: nyuzi nyeupe, laini kama nywele za mtoto mchanga. Unaweza kuzisokota, unaweza kuzifuma, lakini huwezi kuzichoma. Nilionyeshwa kitambaa kilichotupwa ndani ya tanuri na kutolewa kikiwa safi kuliko kilivyoingia. Zamani mji wao uliungua mara tatu katika kizazi kimoja. Tangu walipougundua usufi huo, mji haujaungua tena, na sheria zao zote zimesimama juu ya shukrani hiyo. Mapaa yao ni ya usufi wa jiwe, na mapazia, na mazulia, na hata mito ya watoto. Nchi nyingine zinazoogopa moto huja kuununua. Nayasema haya mapema ili msomaji asiwadhanie Walumbeo kuwa wapumbavu. Ni watu waliookolewa na kitu, na ni vigumu mtu kumshuku aliyemwokoa.

Daftari la vifo hutunzwa kule kwa uangalifu ambao sijauona kwingine. Lina safu nne: moto, maji, kuanguka na uzee. Katika safu ya moto halijaandikwa jina kwa miaka themanini na sita, na kila mwaka karani huifungua mbele ya umati na kuibusu. Safu ya uzee imejaa mpaka pembeni. Humo nilikuta jina la mtu wa miaka arobaini na mitatu, nikadhani ni kosa la kalamu.

"Hakuna kosa," karani aliniambia kwa upole. "Huyo alikuwa mchimbaji. Mwaka wa shimoni huhesabiwa miwili. Jumlisha mwenyewe utaona alikufa mzee kabisa, ameshiba siku zake."

Nilijumlisha. Kwa hesabu yao ilikuwa kweli.

Sheria nyingine inahusu kikohozi. Katika Baraza la Usufi, ambalo ndilo linaloitawala nchi, mjumbe hanyooshi mkono kukubali hoja. Hukohoa. Asiyekubali hunyamaza. Wajumbe ni ishirini na mmoja, na sheria inataka wote wawe wamewahi kuchimba si chini ya miaka ishirini. Nilimuuliza aliyenisomea sheria kama kuna hoja iliyowahi kuanguka. Alicheka. "Haijatokea, binti. Hakuna nchi yenye umoja kama hii."

Nilipangiwa nyumba ya Mashuve, aliyekuwa amechimba kwa miaka ishirini na miwili, mtu mrefu, mkimya, asiye na masharubu kama wanaume wote wa Lumbeo. Aliishi na mkewe Nalindi na binti yao wa pekee, Kiheo, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na minne. Mimi si mtu wa maneno mengi. Chuoni nilikuwa nikikaa karibu na mlango, na nilimaliza masomo yangu ya afya bila kunyoosha kidole hata mara moja. Kwa hiyo nilishukuru kuwekwa katika nyumba ambayo mwenye nyumba naye hasemi.

Lakini kazi ya kwanza niliyoiona pale haikuwa ya kimya. Sheria inamkataza mchimbaji kuacha vumbi mgodini. Vumbi ni heshima yake, na heshima hubebwa nyumbani. Mashuve aliporudi alasiri alikuwa mweupe tangu kofia mpaka viatu, na Kiheo alimkimbilia akamkumbatia, naye akawa mweupe. Kisha Mashuve akavua zile nguo za kazi, Nalindi akazitundika kwenye mti mbele ya mlango, akashika ufito mrefu unaoitwa mchapo, akaanza kuzipiga. Vumbi liliruka kama unga kinuni, likatua kwenye kizingiti cha jiwe. Kizingiti kinatakiwa kiwe cheupe kabla jua halijazama, kwa sababu Mkaguzi wa Vizingiti hupita kukitazama. Nyumba yenye kizingiti cheupe hukaa mbele katika sherehe. Kizingiti kikikosa weupe siku tatu mfululizo, mume hutolewa kazini na familia huhama, maana nyumba zote ni za mgodi.

Nalindi alipiga mara nne, akaegemea mti. Akapiga mara mbili, akaegemea tena. Jirani yao, mama mnene aitwaye Bi Tumbwire, alikuwa akichapa nguo za mumewe ng'ambo ya uchochoro.

"Nalindi! Unazichapa hizo nguo au unazibembeleza?"

"Nazibembeleza, jirani," Nalindi alijibu, akihema. "Wewe zako unazitukana. Nazisikia zikilia mpaka huku."

Bi Tumbwire alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake kikachukua muda mrefu kuliko kicheko.

"Mama, nipe mimi," Kiheo alisema, akinyoosha mkono kuuchukua mchapo.

"Siku yako haijafika."

"Zimebaki kumi na moja tu."

"Basi haijafika."

Baadaye nilielezwa. Msichana wa Lumbeo akitimiza miaka kumi na minne hupokea mchapo kutoka kwa mama yake. Wanawake wa mtaa huja na vigelegele, naye huvalishwa nguo nyeupe, na tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye kuzichapa nguo za nyumba ile mpaka aolewe, kisha huchapa za mumewe. Kiheo alikuwa ameanza kujizoeza kwa kuchapa blanketi. Alikuwa na shauku ileile niliyokuwa nayo mimi niliponunuliwa kalamu ya wino.

Siku ya pili, tulipokuwa tukichambua mboga jikoni, Nalindi aliniuliza kama ni kweli nilisomea afya. Nikamwambia ni kweli, ila sijaanza kazi.

"Wanafundisha kusikiliza mgongo?"

"Wanafundisha."

Akageuka, akavuta kanga chini ya mabega. "Nisikilize."

Sikuwa na kifaa. Niliweka sikio langu kwenye mgongo wake, chini upande wa kushoto, kisha wa kulia, nikamwomba avute pumzi. Mwisho wa kila pumzi kulikuwa na sauti ndogo kavu, nyingi kwa pamoja. Niliitambua kutoka darasani, na nikatamani nisingeitambua.

"Unasikia nini, mdogo wangu? Usinifiche."

"Kama mtu anayekanyaga majani makavu," nilisema.

"Ndiye huyo." Aliivuta kanga juu, akaendelea kuchambua mboga. "Mama yangu naye alikuwa naye. Na hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Alikuwa anachapa tu. Mimi nimeanza kuchapa nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa nina thelathini na minane. Yaliyoingia kwangu yameingia. Lakini Kiheo sitaki aushike huo mchapo."

Nilimuuliza kama kuna njia ya kukataa. Alisema ipo moja. Mchapo huwekwa chini katika nyumba ambayo Mpimaji wa Pumzi amethibitisha kwamba vumbi limemmaliza mchapaji. "Na Mpimaji hapimi wanawake. Nimekwenda mara tatu. Wanasema vumbi ni la shimoni, na sisi hatushuki shimoni, kwa hiyo hatuwezi kuwa tumelivuta. Mara ya tatu waliniambia ninenepe kidogo, nitapona."

Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe kumwona Mpimaji Mkuu wa Pumzi, Bwana Sikumbi. Nilisimama nje ya mlango wake kwa muda mrefu mpaka akaufungua yeye, akanikaribisha chai. Alikuwa mzee mwembamba, mkarimu, anayezungumza kwa vipande vifupi na kupumzika katikati, kama mtu anayepanda ngazi.

Chumba chake kina meza moja ndefu, na juu ya meza kuna mshumaa. Kila mchimbaji huja mara moja kwa mwaka, huweka kidevu ukingoni mwa meza na kupuliza. Akiuzima, ni mzima. Sheria haina maneno mengine zaidi ya hayo.

"Na wangapi huuzima?" niliuliza.

"Wote. Miaka yote. Mia kwa mia."

Niliitazama meza. Mshumaa ulisimama kiasi cha shibiri moja kutoka ukingoni. Lakini ubao ulikuwa na alama zilizochongwa kwa kisu, moja baada ya nyingine, zikienda mbali na ukingo, na ya mwisho ilikuwa umbali wa dhiraa mbili. Nilizihesabu. Zilikuwa ishirini na nne.

"Alama hizi ni za nini, Bwana Mpimaji?"

"Hapo ndipo mshumaa ulipokuwa zamani," alisema bila kuona aibu yoyote. "Ule mwaka wa kwanza uliwekwa kule mwisho. Mwaka wa pili watu saba hawakuuzima. Watu wazuri, nawafahamu, wana watoto. Ningewaandika wagonjwa wangekosa kazi. Nikausogeza kidogo. Wakauzima. Ungeona walivyofurahi."

"Na kila mwaka ukausogeza."

"Kidogo tu. Mwaka wa kumi na sita tulipata tatizo, wawili waliungua masharubu. Baraza likapitisha Sheria ya Kunyoa. Tangu hapo hatujapata ajali." Alinywa chai yake, akapumzika. "Binti, mbele yako kuna mshumaa na kuna mtu amechoka. Utamwambia nani asogee? Mshumaa ni mwepesi zaidi."

Niliona kwamba aliyatenda yote hayo kwa huruma, na huruma yake ilikuwa imewaua watu kwa muda wa miaka ishirini na minne. Nilitoka bila kumaliza chai.

Nalindi ndiye aliyenikumbusha haki ya mgeni. Mgeni yeyote wa Lumbeo, akifikisha siku kumi, hupewa nafasi ya kupeleka ombi moja mbele ya Baraza. Wengi huomba kipande cha kitambaa kisichoungua wakaonyeshe kwao.

"Omba nipimwe," alisema. "Wewe hawawezi kukufukuza mlangoni."

Kama angeniomba nibebe jiwe la mgodi kichwani ningelibeba kwa moyo mwepesi zaidi. Siku zile sikula vizuri. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayakariri nikiwa bafuni, nikayasahau nikiwa mezani. Mashuve aliniona. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kuulizwa.

"Mgeni, shimoni siku ya kwanza mimi nilitapika," alisema. "Lakini nilishuka."

Basi siku ya kumi tulikwenda Barazani, Nalindi akiwa mwenyeji wangu kama desturi inavyotaka, maana Mashuve alikuwa kazini. Ukumbi ulijaa watu. Tulikuta mjadala mwingine unaendelea, na nauandika kama nilivyousikia kwa sababu uliendeshwa kwa makini sana. Walikuwa wakiamua kama vumbi likishatoka nje ya lango la mgodi linabaki kuwa vumbi. Mjumbe mmoja, mtaalamu wa sheria, alisimama akasema, "Ndani ya lango ni vumbi. Nje ya lango ni weupe. Hatuwezi kuwa na kitu kimoja chenye asili mbili, nchi itachanganyikiwa." Wajumbe walikohoa kwa wingi, na karani akaandika kwamba imepita.

Kisha Mwenyekiti, Mzee Dobwela, mtu wa kifua kipana na sauti ya kukwaruza, akaniita. Nilisimama. Macho yote yalinigeukia. Karatasi yangu ilikuwa mkononi lakini herufi zake zilikuwa zimegeuka wadudu. Nilifungua mdomo, hapakutoka kitu.

"Sheria inamruhusu mgeni mwenye haya amnong'oneze mwenyeji wake," alisema Mwenyekiti kwa wema, "na mwenyeji atufikishie. Bi Nalindi, msikilize mgeni wako."

Wanawake wa Lumbeo hawaruhusiwi kuhutubia Baraza la Usufi. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwenyeji kufikisha maneno ya mgeni. Nalindi aliinama kwangu. Nilimnong'oneza, "Dada, nisamehe. Sauti imekataa. Sijui nianzie wapi."

Alinitazama kidogo. Kisha akanyooka, akakigeukia kiti cha Mwenyekiti.

"Mgeni anasema shikamooni, wazee wote."

"Marahaba," walijibu.

"Mgeni anasema ameuona mshumaa wa Bwana Sikumbi, na ameziona alama. Anaomba mshumaa uletwe hapa pamoja na meza yake, uwekwe penye alama ya mwaka wa kwanza, ile ya mbali kabisa, na apimwe mtu mmoja tu katika wale wanaochapa nguo. Mgeni anasema kama mtu huyo atauzima, yeye ataondoka na hatasema neno. Kama hatauzima, basi Baraza litazame upya ni kitu gani kinachoingia majumbani mwetu, na kabla ya kutazama, mtoto yeyote asipewe mchapo."

Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kuendelea. "Mgeni anasema pia kwamba weupe nao hukohoza."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mwenyekiti alinitazama, akamtazama yeye.

"Mgeni amesema yote hayo?"

"Ana maneno mengi ukimzoea," alisema Nalindi.

Watu walicheka, na mimi nikaitikia kwa kichwa mara kadhaa ili nisimwangushe. Mwenyekiti hakucheka. Akatangaza kwamba ombi la mgeni linapigiwa kura, kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Wajumbe hawakulitaka ombi lile. Ilionekana usoni mwao. Lakini katika Lumbeo njia ya kukataa ni kunyamaza tu, na watu wale walikuwa hawajawahi kukataa kitu chochote pamoja. Walibana midomo. Wakashika meza. Yule mtaalamu wa sheria alifumba macho, mishipa ya shingo ikamtoka. Ukumbi mzima ulikaa kimya kuwasikiliza wanaume ishirini na mmoja wakijaribu kutokohoa. Karani alishikilia kalamu hewani. Mjumbe mmoja wa nyuma alitikisika mabega, akashindwa, akakohoa. Aliyekaa karibu naye akamfuata. Kisha ikawa kama paa limeanguka. Walikohoa wameinama, walikohoa wameshikana mikono, walikohoa mpaka machozi, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake anyamaze.

Walipotulia, karani aliandika. "Ishirini na mmoja," alisoma. "Imepita kwa umoja."

Meza ililetwa, watu sita wakiibeba. Bwana Sikumbi aliuwasha mshumaa, akauweka kule mwisho, dhiraa mbili. Nalindi aliweka kidevu ukingoni. Alipuliza. Mwali haukujua kwamba umepulizwa.

Bwana Sikumbi akausogeza alama moja. Nalindi akapuliza. Akausogeza nyingine. Waliendelea hivyo, na kila baada ya alama chache Nalindi aliketi kupumzika, na hakuna aliyemharakisha. Tulipofika shibiri moja, pale ambapo mwaka huo wachimbaji wote wa Lumbeo walikuwa wameonekana wazima, alikusanya nguvu zake zote, akapuliza. Mwali uliinama. Nilikunja vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu. Mwali ukasimama tena wima.

Bwana Sikumbi, kwa mazoea tu nadhani, akanyoosha mkono ausogeze zaidi. Nalindi akaushika mkono wake.

"Hapana, Bwana Sikumbi. Uache hapo hapo. Watu wauone."

Mzee yule alibaki ameshikwa mkono. "Hii ni pumzi ya mchimbaji," alisema polepole. "Wa miaka ishirini na zaidi."

"Lakini huyu hajawahi kushuka!" alisema mtaalamu wa sheria.

"Basi vumbi limepanda," alijibu Bwana Sikumbi. "Limemfuata nyumbani."

Mwenyekiti Dobwela alimwomba karani daftari la vifo. Alilifungua mwenyewe, akatafuta kwa kidole, akapata. Lilikuwa jina la mkewe, aliyefariki miaka sita iliyopita, akiwa na miaka thelathini na tisa. Miaka ya wanawake haihesabiwi mara mbili, kwa hiyo hakufaa kuwekwa katika uzee. Na kwa kuwa alianguka jikoni akiwa ameishiwa pumzi, walimwandika katika safu ya kuanguka.

"Sikuuliza ameanguka kwa nini," alisema Mwenyekiti. Hakuwa akituambia sisi.

Alifunga daftari, akashuka kitini, akamwomba Bwana Sikumbi aurudishe mshumaa alama ya kwanza. Akapuliza. Mwali haukutikisika. Mjumbe mwingine akaja, naye vilevile, kisha mwingine, wakapanga mstari bila kuambiwa, na mwisho Bwana Sikumbi akapuliza mshumaa wake mwenyewe, na haukuzimika. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Walikuwa kama watu waliobeba kila mmoja mzigo wake kwa siri, na sasa wameitua chini mizigo yao wakaona inafanana.

Kiheo alikuwa amepenya katikati ya watu akafika mezani. Alidhani ni zamu ya kila mtu. Aliweka kidevu ukingoni, dhiraa mbili kutoka kwenye mwali, akapuliza mara moja. Mshumaa ukazimika, moshi ukapanda juu. Akacheka kwa ushindi, akageuka, akaona wazee wote wakimtazama na hakuna anayecheka.

"Nimekosea?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu," Mwenyekiti alimjibu. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Baraza lilikaa siku tatu, na sitadanganya kwamba Walumbeo waligeuka watu wengine katika siku hizo. Walitumia asubuhi nzima kubishana kama kizingiti kisicho cheupe ni matusi kwa wahenga, na wakakubaliana kwamba kwa mwaka mmoja mwenye kutaka anaweza kukipaka chokaa. Mtaalamu wa sheria alitaka vumbi lipewe cheti cha kuvukia lango. Lakini yaliyopita yalipita. Nguo za mgodi zitabaki mgodini na kufuliwa huko zikiwa zimeloweshwa, bila kuchapwa, na wafuaji watafunikwa pua na mdomo. Kila mchimbaji ataoga langoni na kuvaa nguo safi. Mwamba utamwagiwa maji kabla ya kupasuliwa. Atakayeshindwa kuzima mshumaa atapewa kazi ya juu na atabaki na nyumba yake. Mshumaa umegongomelewa penye alama ya kwanza kwa misumari minne. Daftari limeongezwa safu ya tano, na walipokosa jina la kuipa waliiita tu pumzi.

Walinitaka kauli, na safari hii niliisema mwenyewe, ingawa waliokaa nyuma hawakunisikia. Niliwaambia maji hupunguza vumbi lakini hayalimalizi. Niliwaambia nyuzi zilizokwisha kuingia kifuani haziyeyuki, na kwamba miongoni mwao wapo walio wazima leo ambao wataanza kuchoka baada ya miaka kumi au thelathini, kwa hiyo wapimwe kila mwaka bila kuwaonea haya. Niliwaambia dawa ya hakika ni kuuacha usufi ndani ya jiwe. Mwenyekiti aliuliza kama kuna kitu kingine kisichoungua. Bi Tumbwire, aliyekuwa mlangoni, akapaza sauti, "Si kuna udongo! Vyungu vyangu vina miaka thelathini motoni!" Nilipoondoka walikuwa wameshafunga mashimo mawili, na vijana walikuwa wakijaribu kufinyanga vigae vya mapaa. Vya kwanza vilipinda vibaya.

Siku ya Kiheo kutimiza miaka kumi na minne ilifika kabla sijaondoka. Wanawake wa mtaa walikuja na vigelegele kama kawaida, wakiwa wamevaa vizuri, kisha wakasimama mbele ya mlango wakitazamana.

"Sasa tunampa nini?" aliuliza Bi Tumbwire. "Hatuwezi kumpigia vigelegele mikono mitupu."

"Kwa nini tusiweze?" alisema Nalindi.

Wakafikiri, wakaona hakuna sababu, wakaanza upya. Kiheo alisimama katikati yao amevaa nguo ya njano, maana alikataa nyeupe. Nguo za kuchapwa hazikuwapo, kwa hiyo alasiri ilikuwa ndefu, na hakuna aliyejua aitumieje.

Hapo Mashuve akatokea mwisho wa uchochoro. Nywele zake zilikuwa mbichi. Alikuwa na rangi yake mwenyewe, nyeusi ya kung'aa, ambayo bintiye alikuwa hajawahi kuiona saa ile ya siku. Alifika mlangoni akasimama, hana cha kuvua wala cha kumkabidhi mkewe, mikono yake haijui iende wapi.

"Nani huyu?" Nalindi aliuliza.

"Mimi, Mama Kiheo."

Alimsogelea akamnusa shingoni, mbele za watu wote. "Unanuka sabuni."

"Ni ya langoni. Tulikuwa arobaini, kipande kimoja."

Nalindi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kirefu, cha kumkunja. Mashuve alimshika mabega, na safari hii hakuna kilichoruka kutoka kwenye nguo zake. Wanawake waliacha vigelegele wakasubiri. Kiheo aliacha kutabasamu, akasubiri pia. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Nalindi akajifuta macho, akainua mkono mmoja akiwa bado ameegemea kifua cha mumewe.

"Endeleeni," alisema. "Mbona mmenyamaza? Endeleeni."